Giaboksi ya Connaught: gia huchaguliwa kwanza, hubadilishwa baadaye

SWALI: Nimesoma kwamba Connaught B-Type, gari la Kiingereza lililoshinda mbio za Grand Prix za Syracuse, Sicily, mwaka 1955, lilifungwa giaboksi ya jamii moja na ile ya mabasi ya London. Kwa nini gari la mashindano libebeshwe mzigo huo? Na ni kweli pedali yake hupiga mguu?

JIBU: Yote mawili ni kweli. Ni giaboksi ya aina iliyobuniwa na Wilson, gia nne, kutoka kiwanda cha magari cha Armstrong Siddeley. Dereva huchagua gia kwa kimkono kidogo, lakini gari halibadili chochote mpaka akanyage pedali (iliyo mahali pa ile ya klachi) na kuiachia. Ndani mna gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka ya katikati, ambazo meno yake yameshikana muda wote. Gia ya kwanza hadi ya tatu, pamoja na rivasi, kila moja ina drami yake na mkanda wa breki wa kuibana. Ya nne haina mkanda. Klachi ya koni huunganisha seti zote za gia zizunguke kama kitu kimoja.

Kinachobana mkanda ni springi nzito, si mguu. Mguu huifungua tu. Hapo ndipo penye teke: ukikanyaga nusu, au mkanda ukiwa umelegea, springi haikuti kitu cha kuizuia, pedali inaruka nje kupita kawaida na kukwama huko. Zima injini, isukume mpaka mwisho (wakati mwingine kwa miguu miwili), kisha chagua gia upya.

Mikanda ikivishwa lainingi (bitana ya msuguano) mpya, usikimbilie barabarani. Fungua kifuniko cha juu, injini ikiwa imezimwa, chagua gia moja, kanyaga mpaka chini, achia, rudia. Nati ya kujirekebisha itazunguka kidogo kila mara. Ikitulia, hamia gia inayofuata. Oili ni ya injini, SAE 30. Ukitia ya dif (gia za ekseli) yenye kemikali za kuhimili shinikizo, mikanda itateleza. Wakati wa kuondoka, mkanda wa gia ya kwanza ndio hufanya kazi ya klachi, kwa hiyo ndio huungua mapema.

Kuhusu uzito, una haki ya kulalamika, na nguvu kiasi hupotelea kwenye msuguano. Lakini karakana ya Connaught, huko Send, Surrey, Uingereza, iliishi kwa mfuko wa mfadhili wake, Kenneth McAlpine, na injini yenyewe, ya kampuni ya Alta, silinda nne na lita 2.5, iliagizwa nje ya karakana. Kuchonga giaboksi yako mwenyewe ni gharama kubwa. Hii ilikuwepo tayari, imara, na dereva hawezi kukosa gia katikati ya kubadili na kuiacha injini ipige kelele mpaka valvu zipinde. Kwa timu isiyo na injini za akiba za kuchezea, naona walichagua vizuri. Dereva Tony Brooks alishinda nayo Syracuse tarehe 23 Oktoba 1955, mbele ya Maserati. Mwaka 1957 fedha zilikwisha, na magari yakapigwa mnada.