Wino wa mimea ukififia, usijilaumu

Mleta mada, umeuliza kwa nini ndege uliyemchora kwa wino wa petali nyekundu amebaki kivuli cha kijivu baada ya wiki chache ukutani. Waliotangulia wamekwambia hukuweka chumvi ya kutosha. Chumvi haihusiki. Mmea uliouchagua ndio usiodumu.

Wekundu na zambarau wa petali na matunda laini mara nyingi ni anthosayanini, rangi ya asili ya mimea, na hiyo haistahimili mwanga. Tena ni kigeugeu: ukiitia ndimu inakuwa nyekundu, ukiitia magadi inaelekea bluu au kijani. Niliwahi kuchora kipepeo wa zambarau nikaenda kulala nikijisifu. Asubuhi nikamkuta amegeuka bluu iliyochuja. Kumbe karatasi ilikuwa imetiwa chokaa kiwandani ili isizeeke haraka. Siku hizi nautumia wino huo kwa makusudi, kwa picha ambazo sijali zikibadilika.

Ukitaka kitu cha kukaa, tafuta tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi. Mimi hutumia maganda ya mbegu za mgunga yaliyokwisha kuanguka. Ya komamanga nayo yanafaa. Yaponde, yachemshe kwa moto mdogo hadi maji yabaki kama robo, kisha chuja kwa kitambaa. Pembeni uwe umeloweka misumari yenye kutu kwenye siki wiki moja au mbili, kifuniko kimelegezwa kwa sababu hutoa gesi. Maji hayo ya chuma yatie kwenye mchuzi wa maganda tone kwa tone, ukijaribu kwenye karatasi kila mara. Hapa ndipo ninapopapenda: mstari unatoka kijivu hafifu, unadhani umeharibu kazi, halafu hewa inaupiga na unakolea mbele ya macho yako. Kesho yake ni mweusi kabisa.

Ila usizidishe chuma. Wino wa namna hii hula karatasi. Hati za Bach, yule mtunzi wa muziki wa Kijerumani, zimeharibika hivyo, hadi mahali pengine noti za muziki zimetoboka. Ongeza gundi ya mgunga kidogo ili wino usisambae, lakini ikizidi unang'aa na kupasuka ukikauka. Tia na karafuu mbili tatu. Chupa yangu ya kwanza haikuwa nazo, na wiki ya pili nilifungua nikakuta ukungu umetanda juu kama blanketi.

Kuhusu kuokota: gome usilibandue kuzunguka shina, mti utakufa. Mmea usioujua usiuchemshe, hasa ndani ya nyumba. Na sufuria ya wino isirudi jikoni, hata ukiisugua vipi.

Kabla hujachora picha nyingine, fanya jaribio hili. Piga mistari ya kila wino ulio nao kwenye karatasi moja, funika nusu kwa kadibodi, bandika dirishani penye jua. Kila Jumapili funua ulinganishe. Mstari wangu wa manjano ulikufa mapema kuliko yote, nao nilikuwa nimeuchorea alizeti nzima ya zawadi. Mweusi wa mgunga upande wa jua na upande wa kivuli bado siwezi kuutofautisha.