Linki za wiki zimepungua, watu wamechoka?

SWALI: Anko shikamoo. Hapa Arua tuna grupu la WhatsApp la wapenzi wa anime, na mimi ndo nakusanya linki za wiki, yaani michoro, video na hadithi ambazo mashabiki wanaandika wenyewe, natuma Ijumaa jioni. Zamani orodha ilikuwa ndefu mpaka watu wanalia bando, siku hizi napata vilinki vichache na vingi ni vya TikTok. Nikifungua orodha za zamani nyingi hazifunguki. Watu wamechoka ama ni mimi?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Hawajachoka, wamehama, na wakihama tu orodha nayo inabadilika sura. Enzi za LiveJournal, ule mtandao wa blogu ulioanza 1999, walikuwepo watu wa kazi yako hiyohiyo, wanapeana zamu, wa leo anapita kwa wenzake wote anaokota hadithi, michoro mpaka ugomvi, anapanga na jina la mwandishi na maelezo kidogo. Kazi si mchezo! Ila iliwezekana sababu vitu vilikuwa wazi na karibu vyote sehemu moja.

Halafu ikaja Delicious, huko unahifadhi linki unaipa lebo, orodha inajipanga yenyewe. Raha mpaka 2011, wenye mali wapya wakaifumua, na ile alama ya / ambayo mashabiki wanaweka katikati ya majina ya wahusika wanaopendana ikagoma kwenye lebo, kazi ya miaka ikavurugika hivihivi, wengi wakakimbilia Pinboard, tovuti nyingine ya kuhifadhi linki. Kwenye Tumblr, mtandao wa blogu fupifupi, ndo kabisa, kila mtu anasambaza cha mwenzake, nani atangoja orodha ya Ijumaa? Na hadithi zikajaa AO3 (Archive of Our Own), maktaba ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa 2009, unachuja mwenyewe unachotaka.

Siku hizi TikTok inakuchagulia hata hujaomba, na maongezi matamu yako ndani ya magrupu yaliyofungwa kama hilo lenu, huko hata ukipewa linki mtu wa nje haingii. Kwa hiyo we usishindane na wingi. Watu wanachokosa ni mtu anayejua ladha yao awaambie hiki soma, hiki achana nacho.

Hizo zisizofunguka, kama ni za Facebook jaribu na VPN kwanza, si unajua hapa Uganda ilifungwa Januari 2021. Nyingine bandika anwani yake kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza kopi za kurasa za zamani, mara nyingine kopi ipo. Lakini kama mwandishi kaifuta mwenyewe, tafadhali usiizungushe tena, ana sababu zake.

Na kuanzia Ijumaa hii usitupe linki tupu. Andika jina la kitu, nani katengeneza, inahusu nini na we umependea nini, ili hata linki ikifa mtu aweze kuitafuta kwa jina. Vikiwa vitano tuma hivyohivyo vitano.