Kwa Mnaoanza Etimolojia ya Kigermani: Jiwe Halikuitwa Jiwe kwa Sababu Limesimama

Wadogo zangu mnaoanza isimu linganishi ya lugha za Kigermani, nimemaliza kusahihisha zoezi lenu la maneno ya kale yenye maana ya jiwe, na mahali pengine nimecheka pale nilipopaswa kuweka alama. Makosa yenu ni yale yale ya waliowatangulia, mojawapo likiwa langu mimi mwenyewe, kiasi kwamba ningeweza kuandika masahihisho pembeni kabla sijafungua karatasi. Nitayapanga kwa namba, ingawa wanaonifahamu wanajua kwamba namba zangu huwa hazichelewi kupotea njia.

1. Anzeni na sauti, maana ifuate. Mmeorodhesha vizuri *stains* la Kigothi, *stān* la Kiingereza cha Kale, *stein* la Kijerumani cha Juu cha Kale na *steinn* la Kinorsi cha Kale, mkarejesha *\*stainaz* la Kigermani-mame, yaani lugha ya kale isiyoandikwa iliyozaa lugha hizo zote. Baada ya hapo wengi wenu mmeshtuka kwamba *t* haikugeuka kuwa *þ* (sauti ya *th*), kama kanuni ya Grimm inavyosema juu ya *t* ya kale ilipoingia Kigermani, na mmoja ameandika kwamba neno hili "limekaidi kanuni ya Grimm". Halijakaidi chochote. Rask alikwisha kueleza mabadiliko hayo mwaka 1818, Grimm akayapanga katika chapa ya 1822 ya sarufi yake, na *t* inayotanguliwa na *s* haiguswi. Mliopitia darasa la Kibantu mmemsoma Meinhof wa 1899, aliyechambua sauti za lugha za Kibantu, na hamkuona ajabu kwamba sauti hubadilika kwa masharti. Sijui kwa nini mkivuka mlango wa Kigermani mnayasahau masharti.

2. Jiwe halitokani na kusimama. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kosa hili nililifanya mbele ya watu.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza wa utafiti, na nilipewa nafasi ya kuwasilisha katika semina. Nikaja na hoja kwamba *\*stainaz* na kitenzi cha kusimama, *standan* la Kigothi, ni watoto wa mzizi mmoja, na kwamba kwa Wagermani wa kale jiwe lilikuwa "kile kinachosimama". Ushahidi wa maana nilikuwa nao tele. Nilitaja mawe ya runi (herufi za kale za Wagermani) ya Skandinavia, ambayo maandishi yake hurudia bila kuchoka kwamba fulani alisimika jiwe hili kwa ajili ya fulani. Nilitaja mawe ya mipaka katika hati za ardhi za Waingereza wa kale, ambapo "jiwe la kijivu" husimama mwisho wa shamba la mtu kama shahidi. Nilimwingiza hata mfalme Æthelstan, aliyefariki mwaka 939, ambaye jina lake ni "jiwe adhimu", nikaeleza kwa sauti ya kuhubiri jinsi mfalme anavyopaswa kusimama imara. Nilikuwa nimechapisha muhtasari wa kurasa kadhaa na kuugawa kwa kila aliyehudhuria, na karatasi ikishagawiwa haina njia ya kurudi.

Mwalimu wetu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Hiyo *i* umeitoa wapi?"

Nilijibu kwa kuongeza habari za mawe ya runi. Aliuliza tena, kwa upole uleule, na ndipo nilipolitazama jedwali langu mwenyewe. Mzizi wa kusimama ni *\*steh2-*, ambamo *h2* ni alama ya konsonanti ya kale iliyokwisha kupotea, nao katika Kigothi umezaa *stōþ*, "alisimama", *stōls*, "kiti", na *staþs*, "mahali": utapata *ō*, utapata *a*, lakini *ai* hutaipata. *Ai* ya *\*stainaz* inatoka katika *oi* ya kale zaidi, kwa hiyo mzizi wake lazima uwe na *i* ndani. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni mzizi *\*steyh2-*, wenye maana ya kuganda na kuwa kigumu, uleule unaoonekana katika *styāyate* la Kisanskriti, yaani "huganda". Na ndugu wa Kigiriki niliyekuwa nimemweka katika mstari wa tatu wa jedwali, *stía*, "kokoto", alikuwa na *i* yake wazi, nami nilikuwa nimempitia kama mtu anayempita mdai wake sokoni.

Baya zaidi ni kwamba niliiona mapema. Katika tanbihi ya muhtasari ule niliandika kwamba "irabu hii inahitaji uchunguzi zaidi". Mwenzangu mmoja aliisoma tanbihi hiyo kwa sauti, na hadi muhula ulipokwisha alinisalimu kwa kuuliza habari za *i*. Kwa hiyo ninapoona tanbihi za aina hiyo katika kazi zenu, najua vizuri kabisa mnaficha nini.

3. Wekeni alama za urefu wa irabu. Bila *ā* ya *stān* hamtaeleza kwa nini Kiingereza cha leo kina *stone* huku Skotlandi ikibaki na *stane*.

4. Kinyota si pambo. Kinasema kwamba umbo hilo limerejeshwa na halijaonekana kwenye maandishi, kwa hiyo msikibandike kila mahali. Jiwe la Tune la Norwe, lenye runi za mnamo mwaka 400, limeandikwa *staina*, likiwa katika hali ya yambwa, yaani umbo la kinachotendewa. Hilo limechongwa, linasomeka, na halihitaji kinyota chenu.

5. Kigothi kisomwe pamoja na Kigiriki chake, kwa sababu Biblia ya Wulfila, askofu wa Wagothi wa karne ya 4, ni tafsiri. Katika Marko 15:46 kaburi limechongwa katika mwamba na jiwe limevingirishwa mlangoni. Kigiriki kina maneno mawili, *petra* na *lithos*, lakini Kigothi kinatumia *stains* kwa yote mawili. Mkiishia hapo mtadhani Wagothi hawakuutenganisha mwamba na jiwe. Fungueni Warumi 9:33, mtakuta *stains* kwa jiwe la kujikwaza na *hallus* kwa mwamba wa kuangusha, na *hallus* ana ndugu yake katika Kinorsi, *hallr*.

6. Kutafsiri kila neno kwa "jiwe" ni uvivu. *Grjót* la Kinorsi ni mawe kwa ujumla wake, na ndugu zake *grēot* la Kiingereza cha Kale na *grioz* la Kijerumani wameshuka hadi mchanga na changarawe. *Felis* la Kijerumani ni jabali. *Flint* ni gumegume. *Hein* la Kinorsi ni kinoo, ingawa ndugu yake wa Kiingereza, *hān*, hutumika katika hati za ardhi kwa jiwe la mpaka. Nimeona mtu ameandika kwamba jitu Hrungnir alimrushia Thor, mungu wa radi wa Wanorsi, "jiwe". Alimrushia kinoo, jamani! Katika masimulizi ya Snorri, mwandishi wa Aisilandi wa karne ya 13, kinoo hicho kiligongana angani na nyundo ya Thor, kipande kimoja kikaanguka na kuwa miamba yote ya vinoo, kingine kikakwama kichwani mwa Thor.

7. Nyundo ndiyo inayowaponza zaidi. *Hamarr* la Kinorsi ni nyundo na pia ni genge la mwamba, na mji wa Hamar nchini Norwe umepata jina lake katika maana hiyo ya pili. Mnarukia kusema kwamba nyundo za kwanza zilikuwa za mawe na kazi imekwisha. Ndugu wanaotajwa wanavutia kweli: *aśman* la Kisanskriti na *akmuo* la Kilithuania ni jiwe, *ákmōn* la Kigiriki ni fuawe. Lakini hao wote wanaanza kwa irabu, na *hamarr* anaanza kwa *h*, kwa hiyo ni lazima mwonyeshe irabu ya mwanzo ilipotelea wapi. Wapo wanaoendelea mpaka *himins* la Kigothi, "mbingu", wakidai kwamba hapo kale mbingu ilikuwa kuba la mawe, na wanaegemea *asman* la Kiavesta, lugha ya kale ya Kiirani, ambalo ni jiwe na ni mbingu pia. Mimi sijaridhika, kwa sababu *himins* ana tatizo lilelile la mwanzo wa neno na juu yake ana irabu yake ya pekee. Atakayeandika juu ya *himins* katika zoezi lijalo aanze na hiyo *h*, na kuba la mawe alilete ukurasa wa mwisho.