Jinja na Wasafiri Wasiosimama

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama mji mdogo wa kando ya mto hunufaika au huumia kwa kupitiwa na barabara kuu. Mimi ni mkazi wa mtaa wa Walukuba, hapa Jinja, mashariki mwa Uganda, na jibu langu ni kwamba barabara humnufaisha yule tu anayempa msafiri sababu ya kusimama, jambo ambalo jiji letu bado halijalifanya.

Jinja haikuzaliwa na barabara. Mto Nile, unapotoka katika Ziwa Viktoria, ndio ulioleta bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954. Umeme wake ukavuta viwanda vya nguo na cha kuyeyushia shaba ya migodi ya Kilembe, magharibi mwa nchi, na wafanyakazi wakajengewa mitaa kama huu wetu. Kwa zaidi ya miaka sitini malori yaliyotoka Mombasa yakipitia Malaba, mpakani na Kenya, yalijikokota juu ya bwawa hilohilo kuelekea Kampala, Rwanda na Kongo, mpaka tarehe 17 Oktoba 2018, lilipofunguliwa daraja jipya la nyaya lenye urefu wa mita 525, lililojengwa kwa mkopo wa Japani. Nalipenda daraja hilo, kwa kuwa foleni ya bwawani ilikuwa mateso. Hata hivyo, anayelivuka leo huuona mto kwa muda mfupi tu, kisha akaenda zake.

Sasa tazameni vituo viwili vilivyo kwenye barabara hiyohiyo, kati ya Kampala na Jinja: Namawojjolo, karibu na Mukono, au Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira. Huko hakuna chanzo cha mto wowote mashuhuri. Kuna kuku wa kuchoma, gonja (ndizi za kuchoma), chapati, na wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya mabasi hata kabla hayajasimama vizuri, na hela ya msafiri hubaki mikononi mwao. Abiria anayetoka Kampala hutufikia akiwa ameshashiba. Sisi tulio na samaki wa Masese, mwaloni kwetu ziwani, wanaovuliwa karibu kabisa na barabara hiyo, tunabaki na vumbi, honi za usiku, na hofu ya watoto wanaovuka barabara pale Bugembe wakienda shule.

Jinja ilipewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, na naamini baraza la jiji lina wajibu wa kutenga eneo karibu na daraja, upande wetu wa mashariki, lenye maegesho ya malori, vyoo safi, taa, na soko la samaki na vyakula linalosimamiwa na wachuuzi wenyewe. Kazi hiyo ianze sasa, kabla ya kujengwa barabara ya mwendo kasi ya Kampala hadi Jinja ambayo serikali imekuwa ikiipanga, kwa sababu ardhi ya kando ya barabara ikishanunuliwa na watu binafsi, wachuuzi wetu hawatapata tena mahali pa kuweka hata meza moja.