Havionekani, lakini vipo: maswali yenu kuhusu VVU

Kipimo cha wingi wa virusi kimetoka "havionekani" mara tatu. Kwa nini kliniki bado wananipa dawa? (Msomaji, Mbeya)

Hongera sana, dada. Kipimo hicho huhesabu virusi vilivyomo kwenye damu, vilivyojificha hakivioni. Kirusi kikiingia ndani ya seli ya CD4, yaani seli nyeupe ya damu inayoongoza kinga ya mwili, hugeuza vinasaba vyake kuwa DNA, kisha hujichomeka kwenye DNA ya seli yenyewe. Seli nyingi za aina hiyo hufa. Chache hutulia zikawa seli za kumbukumbu, na hizo huishi miaka na miaka. Ni kama moja kati ya kila seli milioni za CD4 zilizopumzika, lakini hupungua kwa nusu kila baada ya miezi 44 hivi, kwa hiyo kungoja ziishe zenyewe ni kungoja zaidi ya miaka 60. Ukiacha dawa, kwa watu wengi virusi hurudi ndani ya wiki chache. Tafadhali usiache.

Kirusi kinajuaje wakati wa kulala na wa kuamka? (Mwanafunzi, Morogoro)

Hakijui, na swali lako ndilo linalonivutia kuliko yote. Mwanzoni mwa DNA ya kirusi kuna kipande kinachofanya kazi ya swichi, na wa kuibonyeza ni protini za seli, mojawapo NF-kB. Seli ikipigana na maambukizi, protini hizo huingia kwenye kiini. Seli ikipumzika, hubaki nje.

Hata swichi ikibonyezwa, mashine ya kunakili jeni huenda hatua chache tu, ikakwama. Anayeikwamua ni Tat, protini ya kirusi chenyewe: hushika ncha ya RNA, yaani nakala ya jeni inayochipuka, ikaita kimeng'enya cha seli, na kimeng'enya hicho kikaisukuma mashine hadi mwisho. Nakala zikizidi, Tat huzidi, na Tat ikizidi, nakala huzidi tena. Tat ikiwa chache mno, moto hauwaki. Ndiyo maana kati ya seli mbili zilizoambukizwa siku moja, moja inaweza kufurika virusi na nyingine ikanyamaza kimya.

Nakala za kwanza hukatwakatwa na kutoa protini tatu tu za kirusi: Tat, Rev na Nef. Rev ikishajaa ndipo nakala nzima, zenye herufi zipatazo 9,700, hutolewa nje ya kiini na virusi vipya kuundwa.

Vikiwa vimelala, naweza kumwambukiza mume wangu?

Kwa njia ya ngono, hapana, maadamu unameza dawa kila siku na kipimo kinaendelea kusoma "havionekani".

Mtoto akianzishwa dawa akiwa mchanga kabisa, si atapona? (Baba, Kisumu)

Baba, tulitumaini hivyo. Huko Mississippi, Marekani, mtoto aliyezaliwa 2010 alianza dawa akiwa na saa 30 hivi. Alipofika miezi 18 matibabu yakakatika, na kwa zaidi ya miaka miwili virusi havikuonekana. Mwaka 2014 vikarudi. Seli chache tu zilikuwa zimebaki navyo, na zilitosha.

Watafiti wamejaribu kuviamsha kwa vorinostat, dawa ya saratani, ili kinga ya mwili iziue seli hizo. Baadhi viliamka, seli hazikufa. Wengine wanatafuta namna ya kumziba Tat ili swichi isiwake tena. Mtoto wako aendelee na dawa zake kila siku, na majibu ya kila kipimo umuulize mhudumu hadi uyaelewe.