Madai ya bima ya halmashauri huharibika kabla upepo haujavuma

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mhasibu kijana anayefanya kazi katika halmashauri mojawapo ya ukanda wetu wa pwani. Baada ya shikamoo na kunijulia hali, aliniuliza kama ni busara kufuta kifungu cha bima ya majengo katika bajeti ijayo, kwa kuwa, kwa maneno yake, "hapa Tanga vimbunga tunavisikia redioni tu, Mzee, na fedha hizo zingetosha kununua madawati." Nilimpigia simu tukazungumza mpaka salio likaniishia, na nilipoweka simu chini nikatambua kwamba nilikuwa nimemmwagia uchungu wangu kuliko kumshauri. Makala haya ni jaribio la pili.

Ni kweli kwamba jiografia imetupendelea. Tanga ipo takribani nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauipi dhoruba msukumo wa kutosha kujizungusha, na ndiyo maana vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi huishia Madagaska na Msumbiji. Hata hivyo, mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu shamba baada ya shamba, kisha kikaiharibu vibaya misheni ya mapadre wa Kifaransa pale Bagamoyo, iliyokuwa haijatimiza hata miaka mitano. Mwaka 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Kimbunga Jobo cha Aprili 2021 kiliishiwa nguvu kabla ya kutufikia, na baadhi ya wenzangu walikicheka sana. Mei 2024, wakati msimu wa vimbunga ukiwa umefika ukingoni, Hidaya kikatua Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi. Tangu hapo kicheko kimepungua, ingawa hakijaisha.

Upepo ulioniumiza mimi haukuwa na jina. Nilikuwa afisa ugavi wa halmashauri moja ambayo sitaitaja, na usiku mmoja wa masika ulikuja upepo wa muda mfupi tu, ukabeba paa zima la zahanati yetu pamoja na kenchi zake, kisha ukaezua nusu ya stoo ya makao makuu. Stoo hiyo ndiyo ilikuwa na daftari la mali, hati za ununuzi na nakala pekee ya mkataba wa bima. Asubuhi tulitandaza mikeka uani tukaanika karatasi moja moja, kila moja ikikandamizwa kwa jiwe, na nakumbuka ukurasa wa friji ya chanjo ambao wino wake wa buluu ulikuwa umetawanyika hadi tarakimu za bei zikafanana na madoa ya chai.

Kosa la pili tulilifanya kwa nia njema. Diwani aliagiza eneo lisafishwe ili wagonjwa wasijikate, na mabati yaliyopindika wakapewa wananchi. Mtathmini wa hasara alipofika siku kumi baadaye, akiwa na futi ya chuma na daftari dogo, alikuta sakafu imefagiliwa vizuri. Aliniuliza mabati yaliyoharibika yako wapi, nami nikamtembeza kijijini nikimwonyesha mabanda ya kuku. Alikuwa kijana mwenye heshima, aliniita "Mzee" kila sentensi, lakini alichoandika ni kwamba ushahidi wa hasara haukuhifadhiwa na kwamba taarifa iliifikia kampuni ya bima nje ya muda uliotajwa katika mkataba.

Hayo mawili tungeweza kuyajadili. Lililotumaliza ni kanuni ya uwiano, ambayo nakiri kwamba nilikuwa sijawahi kuisoma. Chukua mfano huu: kulijenga upya jengo kungegharimu shilingi milioni 120, nanyi mmelikatia bima kwa thamani ya milioni 40 kwa sababu ndiyo ilikuwa gharama yake ya ujenzi miaka mingi iliyopita. Upepo ukiharibu kitu cha milioni 30, hamtalipwa milioni 30 ingawa kiasi hicho ni chini ya milioni 40. Mtalipwa theluthi moja, yaani milioni 10, kwa kuwa mlikata bima ya theluthi moja ya jengo, na hapo bado hakijaondolewa kile kiasi ambacho mkataba unamtaka mwenye mali ajibebee mwenyewe. Sisi tulikuwa katika hali ya namna hiyo. Katika kikao cha baraza niliulizwa mbele ya watu wote kama fedha zilizobaki nilikuwa nimezila, na aliyeuliza ndiye aliyekataa, miaka miwili mfululizo, ombi langu la kupatiwa mthamini wa majengo. Sijalisahau swali hilo, na sidhani kama ninalazimika kulisahau.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa halmashauri, pigeni picha. Pigeni picha za kila jengo kabla ya vuli na kabla ya masika, nje na ndani, paa na kenchi, pamoja na namba za mashine na za friji, kisha muweke nakala mahali pasipo chini ya paa lilelile. Thamani ya majengo iangaliwe upya kwa bei za leo za saruji na mabati. Mkataba usomwe mapema, hasa mahali unapotenganisha dhoruba na mafuriko, kwa maana maji yaliyoingia kupitia paa lililong'olewa na maji yaliyopanda kutoka baharini au mtoni yanaweza kuhukumiwa tofauti kabisa. Upepo ukishapita, toeni taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo, funikeni kwa turubai ili hasara isiongezeke, tunzeni risiti ya turubai hilo, na msitupe hata bati moja kabla ya mtathmini kuliona. Na picha tena, kabla ya ufagio kushikwa.

Anayedhani kwamba Serikali Kuu itafidia kila kitu awatazame Wamarekani, wenye fedha kutuzidi na vimbunga vingi kutuzidi. Shirika lao la maafa, FEMA, linapochangia ujenzi wa jengo la serikali ya mtaa, hupunguza kwanza fedha ambazo bima inapaswa kulipa, na kwa kawaida huwataka wenye jengo waendelee kulikatia bima, wasipofanya hivyo wanaweza kukosa msaada jengo likiharibika tena. Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, yenye kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji, lakini nimehudhuria vikao vya kamati ambavyo mjadala mrefu kuliko yote ulihusu posho, na hilo nalisema kwa aibu kwa sababu nilisaini na kupokea.

Katika halmashauri ya mwisho niliyoitumikia nilitumia miezi mitatu nikizunguka kwa pikipiki na simu yangu mwenyewe, huku wakiniita Bwana Picha. Upepo ulipoezua madarasa mawili, tuliwasilisha madai yenye picha za kabla na baada, mchanganuo wa gharama wa mhandisi na barua iliyogongwa muhuri siku ileile, na fidia ikalipwa kabla ya muhula kwisha. Hakuna aliyenipongeza katika baraza, ila jina la Bwana Picha halikutajwa tena kwa kejeli.

Yule mhasibu amenijibu juzi. Kifungu cha bima kimebaki, kikiwa kimepunguzwa nusu, na ombi lake la mafuta ya pikipiki ya kuzungukia majengo limerudishwa likiwa na maandishi ya kalamu nyekundu yanayouliza picha ni za nini, ilhali mvua haijaanza.