Maswali na majibu: Rifaina inayozunguka bure si bure

Barua za safari hii kuhusu umeme kwenye viwanda vya karatasi zimezidi nafasi, na nyingi ni barua ileile iliyobadilishwa sahihi tu. Nimechagua chache, na ya kwanza, isiyo na namba, nimeiweka iwe fundisho kwa wengine. Kwa wageni: rojo ni nyuzi za karatasi au mbao zilizovurugwa majini, palpa ni tangi la kuzivurugia, na rifaina ni mashine inayozisaga kati ya pleti zenye mifereji.

Bili ya umeme kiwandani kwetu imepanda sana. Tufanyeje? (Meneja, Dar es Salaam)

Imepanda kutoka ngapi hadi ngapi, na mlitoa tani ngapi? Mwezi wa tani 600 lazima bili yake izidi ya mwezi wa tani 400, hata mngekuwa malaika. Nataka uniti kwa tani, si shilingi. Andika tena.

Fundi, shikamoo. Rifaina yetu ina mota ya kilowati 250. Usiku, rojo likishalainika vya kutosha, opereta hurudisha pleti nyuma zisikaribiane, anaiacha izunguke. Anasema hapo haili umeme. Ni kweli? (Fomani wa zamu, Thika)

Marahaba. Si kweli, na huyo opereta hayuko peke yake.

Pleti zikiachana, rota bado inazunguka ndani ya gamba lililojaa rojo, na rojo hilo ni maji kwa asilimia 95 au zaidi. Kuyavuruga maji hayo kwa kasi ile ni kazi, na mita inaihesabu. Niliwahi kukesha kiwanda kimoja, jina nalihifadhi, nikiwa na mita ya kubana waya. Saa mbili usiku pleti zikarudishwa nyuma. Mota ya ukubwa kama wa yenu ikawa inavuta kilowati 85. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa palepale kwenye 85. Saa 10, uniti 850, na hakuna uzi hata mmoja uliosagwa. Walinzi walikuwa wamezima taa za uani ili kubana matumizi.

Mholanzi wa karne ya 17 alizungusha mashine yake ya kuponda matambara ya kutengenezea karatasi kwa upepo. Ikizunguka bure, hakuna aliyemletea ankara. Wewe unaletewa.

Kwa hiyo: kama rojo halihitaji kusagwa, lipitishe bomba la pembeni na uzime mota. Kama linahitaji kusagwa kidogo tu, jua kwanza kiwango chako cha bure, yaani kilowati zinazovutwa rojo likipita huku pleti zimeachana. Pima, andika kwa chaki ukutani karibu na mashine. Pima tena kila ukibadilisha pleti, na katikati ya maisha yake pia, maana mifereji ikichakaa rota inasukuma maji kidogo na kiwango hicho kinashuka. Namba ya mwaka jana si ya leo.

Sasa hesabu. Mota ikivuta kilowati 210 na kiwango cha bure ni 80, kazi halisi ni 130. Kwa tani 2 kwa saa, hizo ni uniti 65 kwa tani. Mashine ya karatasi ikipunguza mwendo hadi tani 1 kwa saa na opereta asiguse kitu, kila tani inapigwa uniti 130. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote: rojo linasagwa kupita kiasi bila mtu kukusudia. Na linalipiwa mara mbili. Rojo lililosagwa mno hushika maji, halichuji upesi kwenye waya, yaani wavu wa mashine ya karatasi, karatasi inafika kwenye madramu ya kukaushia imelowa, boila inadaiwa mvuke zaidi. Umemlipa Kenya Power, sasa unamlipa na mwenye kuni.

Hukuniuliza hali ya pleti, lakini zifungue uziangalie. Pitisha kucha kwenye makali. Pleti nzima inakwaruza kucha. Iliyochoka ina kingo za mviringo kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Hiyo itakula umeme uleule na kukupa karatasi dhaifu, na opereta ataibana zaidi ili aipate nguvu anayotafuta.

Palpa yetu tunaiacha izunguke dakika 50 kila mkupuo ili katoni zilainike kabisa. Zinatosha? (Arusha)

Nadhani zinazidi. Kazi ya palpa ni kulifikisha rojo mahali pampu inapoweza kulisukuma. Chota kidogo, changanya na maji kwenye glasi, inua kwenye mwanga. Ukiona nyuzi zimetawanyika na vipande vichache vidogo, shusha mkupuo. Dakika za ziada hazisagi karatasi tu, zinakatakata nailoni na gundi ya selotepu kuwa vipande vinavyopenya kwenye skrini ya kuchujia, halafu mnakuja kuniuliza kwa nini karatasi ina madoadoa. Jambo la pili: mzigo. Mota ya palpa huvuta karibu umeme uleule ukiweka karatasi nyingi au chache, kwa hiyo mkupuo mwepesi ndio ghali kwa kila tani.

Na msiingie ndani ya palpa kutoa waya wa marobota kwa kumtegemea mwenzenu aliyesimama kwenye swichi. Swichi kuu ifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa anayeingia. Sitarudia.

Nimesoma kuwa viwanda vya Finland vinauza umeme. Kwa nini sisi tununue? (Mwanafunzi wa uhandisi)

Kwa sababu wao wanapika mbao. Kiwanda cha Äänekoski, kilichofunguliwa mwaka 2017, huzalisha umeme mara 2.4 ya unaohitajika hapo. Mti ukipikwa kwa kemikali, karibu nusu yake inakuwa nyuzi na iliyobaki inayeyuka kuwa maji meusi. Yanakaushwa hadi yawe mazito, yanachomwa kwenye boila, mvuke unazungusha tabaini, kemikali zinaokolewa. Viwanda vya Mgololo kule Mufindi na Webuye kule Kenya vilijengwa kwa njia hiyo ya kupika mbao. Anayefufua katoni za sokoni hana maji meusi ya kuchoma. Kwa upande mwingine, hana pia gharama ya kutenganisha nyuzi: wanaosaga mbao kwa mashine tupu, bila kemikali, huweza kutumia uniti 2,000 na zaidi kwa tani. Acha kuwaonea wivu Wafini, kazime ajiteta (mapanga ya kukoroga rojo) zisizo na kazi kwenye matangi yenu.

Tufunge draivu za kubadili kasi kwenye pampu zote? (Nakuru)

Zote, hapana. Tafuta pampu ambayo valvu yake imefungwa nusu, na iko hivyo mwaka mzima. Hiyo ni gari linaloendeshwa kwa mafuta na breki kwa pamoja. Kasi ikishuka kwa asilimia 20, nguvu inashuka hadi karibu nusu, lakini hesabu hiyo ni ya bomba lenye msuguano tu. Pampu inayopandisha rojo hadi tangi la juu haitakupa nusu. Na kama mtiririko haubadiliki kamwe, mpe fundi wa leti apunguze kipenyo cha impela, lile gurudumu la ndani ya pampu, draivu ya nini?

Boila inazidiwa. Tununue nyingine? (Dar es Salaam)

Anzia kwenye presi, zile roli zinazokamua maji. Karatasi ikitoka hapo na ukavu wa asilimia 40, kila kilo ya nyuzi imebeba kilo 1.5 za maji. Ikitoka na 41, imebeba 1.44. Asilimia moja hiyo inapunguza mvuke kwa takriban 4 katika kila 100. Felti zenu, yaani blanketi za presi, zilioshwa lini?

Sola juu ya paa? (Mombasa)

Mashine yako inalala saa ngapi? Jua linazama saa kumi na mbili.

Tumefunga kapasita, mbona uniti hazijapungua? (Thika)

Kapasita inapunguza kVA kwenye bili, yaani kipimo cha mzigo unaoubebesha mtandao wa umeme. Uniti zinaliwa na rifaina. Soma jibu la jirani yako hapo juu.